Pima Saba za Ukili wa Kijani

Mama,

Kwanza niwie radhi. Nimelifungua kapu lako, lile la uvunguni. Najua ulikataza. Tangu nikiwa mdogo ulikuwa ukiniambia kazi isiyokwisha haitazamwi, na mara moja nilipochungulia ulinipiga kofi la mgongoni ambalo mpaka leo naweza kukuonyesha mahali lilipotua. Lakini arobaini yako imepita, wageni wameondoka, sufuria za watu zimerudishwa, na nyumbani nimebaki mimi na mama mdogo Siti, aliyevuka kutoka kisiwa jirani cha Juani siku ya mazishi na hajarudi kwake bado. Tulikuwa tunafagia. Kapu likatoka na ufagio, nikalifungua.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelibeba tangu siku uliyofariki na sikuwa na wa kumwambia. Ungekuwepo ningekuuliza wewe, na wewe usingenijibu kweli, maana ulikuwa mwongo mmoja mzuri sana, Mungu akurehemu.

Jambo lenyewe ni ile safari ya dripu.

Mimi ndiye niliyekutoa hapa Kilindoni nikakupandisha boti mpaka Nyamisati, na kutoka Nyamisati basi mpaka Dar es Salaam, wewe ambaye saratani ilikwisha kutoka kwenye titi ikaingia kwenye nyonga na uti wa mgongo. Kwenye boti ulilala sakafuni juu ya mkeka wako mwenyewe. Kila tulipopigwa na wimbi ulifumba macho ukataja jina la Mungu polepole, na abiria wa jirani wakadhani unavuta uradi. Barabarani, kwenye yale mashimo, ukajifunika uso na kanga. Nilipokuja kuifua nikakuta alama za meno kwenye pindo, nyingi, zimepangana. Sikukuonyesha. Nikaianika upande ule ukiwa ndani.

Na yote hayo ili uingiziwe mkononi kichupa kimoja cha dawa, kwa muda ambao mtu anachemsha chai na kuinywa. Siku ya pili ukapata homa, mwili mzima ukauma upya. Walikuwa wameniambia homa hiyo huja na hupita, na kweli ilipita, lakini usiku na mchana ule nilikaa pembeni yako nikijilaani. Wiki haikwisha ukarudi kisiwani kwa njia ile ile, na mashimo yale yale.

Baada ya miezi minne ukafariki. Kwa hiyo swali langu, mama, lilikuwa fupi tu. Nilikutesa bure?

Unajua kwa nini niling'ang'ania. Ni kwa sababu ya panya.

Miaka yote umewaambia watu kwamba nafanya kazi hospitali. Si uongo kamili, chuo chetu kina hospitali, ila mimi nipo nyuma yake, kwenye jengo la wanyama wa maabara, na wagonjwa wangu wana mikia. Siku nilipokueleza ukweli ulikuwa umekaa kibarazani unachana ukindu, majani yako ya kusukia mikeka, na asubuhi ile ile panya wa kwako walikuwa wamekutafunia mganda mzima jikoni. Ukaniangalia kwa huruma. "Nimekusomesha mpaka chuo, ukawapapase panya miguu?"

Nikakueleza hivyo hivyo, unataka hutaki. Kwamba kuna dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mifupa inayolika. Zinaingia kwenye mfupa, zinazuia usiendelee kuliwa, ndiyo maana wazee wenye mifupa myepesi hupewa wasije wakavunjika. Wagonjwa waliozitumia wakaanza kusema kitu kingine, kwamba maumivu yamepungua. Basi watu wa maabara wakapata la kujiuliza. Je, maumivu yanapungua kwa kuwa mfupa umepata nafuu? Au dawa yenyewe inayatuliza maumivu kwa njia yake, hata mfupa ukiwa bado mbovu? Ni vigumu kulijua hilo kwa kumuuliza mtu tu, kwa sababu mtu akionyeshwa sindano na daktari mwenye sura nzuri anafarijika hapo hapo. Ndipo wakaenda kwa panya.

"Na panya anasemaje?" ukauliza.

Nikasema hasemi, tunamtazama. Nikakuonyesha kwa kidole changu kwenye kiganja chako jinsi tunavyomgusa chini ya wayo kwa uzi mwembamba wa nailoni, kisha mnene kidogo, kisha mnene zaidi, mpaka auvute mguu. Nikakueleza ile mizani yetu yenye visahani viwili, kila mguu wa nyuma na kisahani chake, na kwamba panya anayeumwa huuegemea mguu mzima na kuuacha mwingine ukigusa tu. Nikakwambia pia habari ya pamba, maana najua ungeipenda. Jioni tunawawekea kipande cha pamba. Panya mzima ataichambua ajijengee kiota, asubuhi unamkuta yumo ndani pua tu ndiyo inaonekana. Mwenye maumivu ataiacha pamba pale pale ulipoiweka.

Ukaokota chane nyingine ya ukindu. Kisha ukasema, "Basi afadhali yeye, hana wa kumdanganya."

Mimi nikacheka. Wewe hukucheka. Ukauliza tena, "Na hayo maumivu, mnampa nyie?" Nikasema ndiyo, mengine tunampa sisi. Nikaanza kukuhesabia masharti yetu, kwamba tunachukua wachache iwezekanavyo, kwamba wanalazwa usingizi kwa dawa kwanza, kwamba kuna kamati inayotusimamia. Ulinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zako zote. "Mtaulizwa," ukasema, ukarudi kwenye ukindu wako. Tangu siku hiyo siufungui mlango wa chumba kile bila bismillahi.

Kitu kimoja sikukueleza siku ile, na sasa ndicho ninachokihitaji. Kule kazini anayepima haruhusiwi kujua panya yupi kapewa dawa na yupi kapewa maji ya chumvi. Chupa zina herufi tu, na orodha ya herufi imefungiwa kwenye kabati la mtu mwingine. Siyo kwamba hatuaminiani. Ni kwamba jicho lenye hamu huona linachokitaka. Mimi mwenyewe niliwahi kumpenda panya mmoja nikaapa kwamba kapona, anatembea vizuri kabisa. Orodha ilipofunguliwa nikakuta alikuwa wa maji ya chumvi.

Tulichokiona hakikuwa muujiza. Baadhi ya waliopewa dawa walianza kuukanyaga mguu mbovu mapema, wakati kwenye picha mfupa wao ulikuwa haujabadilika. Wakaanza na kujenga viota. Wengine walibaki vile vile. Mkubwa wangu wa kazi hapendi mtu aseme dawa inafanya kazi, yeye husema tuendelee kutazama. Lakini mimi nilishaondoka na matumaini yangu mfukoni, kama ulivyonilea.

Sasa nije kwenye kosa langu, mama. Mwaka mzima nilikupigia simu kila Ijumaa baada ya swala. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Hujambo?" "Sijambo, alhamdulillahi." Nami nikakata simu nikaenda kula. Mtoto wa kwetu gani asiyejua? Hapa mtu akiulizwa hali hujibu hajambo kwanza, ndipo ukikaa, ukanyweshwa kahawa, mkaongea habari za watu wengine wote, ndipo anakuambia kwa kupitia tu kwamba mguu haulali. Simu haina kahawa. Mimi ambaye nimefunzwa nisimsikilize mgonjwa bali nimtazame, nilikaa mwaka mzima nikimsikiliza mgonjwa wangu mmoja. Panya nawatazama kila asubuhi. Wewe nilikuuliza hali tu.

Nilijua siku ya Idi. Nilifika sijakuambia, nikasimama mlangoni na mizigo ya Dar mikononi. Ulikuwa umesimama jikoni, umeegemea meza. Mguu wa kulia ulikuwa umeuinua, kisigino hewani, vidole vinagusa tu sakafu. Nimeuona mguu ule mara nyingi sana, mama, kwenye kile kisahani. Kabla sijakuamkia nilikuwa nimeshalijua jibu, na ulipogeuka ukasema hujambo kabisa nilitamani kulia na kukugombeza kwa pamoja. Nikakugombeza.

Ndipo tukaanza kuzunguka mahospitali mpaka yule daktari kijana wa Dar, unamkumbuka, aliyekutaka utaje maumivu yako kwa namba, sifuri mpaka kumi. Ukasema, "Namshukuru Mungu." Akarudia kukueleza, kwa upole. Ukaniangalia mimi, ukamwangalia yeye, ukaona kijana wa watu asivunjike moyo, ukasema, "Tatu." Mkono wako wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nikamwambia aandike nane. Ukanifinya.

Baada ya dripu, homa ilipokwisha, uliniomba kitu kimoja tu cha mjini, rangi ya kijani ya kutia ukindu. Rangi nyekundu ulikuwa unaimaliza na kijani cha madukani hapa Kilindoni ulikidharau, ulisema kinafifia kabla mkeka haujakaliwa. Ulikuwa unanisukia mkeka wa chumba changu, kwa kuwa nililalamika kwamba vigae ni vya baridi. Nikakununulia Kariakoo. Kwenye kituo cha basi, nikikuwekea mto mgongoni, ukanishika mkono ukasema, "Nisalimie hao panya wako." Nikadhani mzaha, nikacheka, sikusalimia mtu.

Ijumaa ya pili yake ukaniambia kwenye simu, "Nimepata nafuu, mwanangu. Panya wako wamesema kweli." Sikukuamini. Ungesema nini kingine? Nilikuwa nimekuburuta baharini na barabarani kwa ajili ya kichupa, ungeniambia hakikusaidia? Wewe ulimwonea huruma hata daktari wa watu. Nilikuja mara mbili baada ya hapo, siku mbili mbili tu, na mara zote mbili ulikuwa umejiandaa, umekaa umejipodoa, kanga mpya, umejaa maneno. Nilitazama miguu yako. Ulikuwa umeifunika.

Ulipofariki nikamuuliza Bi Rehema, jirani yako, aliyekuwa akikuogesha. "Alikuwa na nafuu, mwanangu, alhamdulillahi, hakuteseka." Nikamuuliza na mkewe imamu. "Hakuteseka." Kila aliyekuja kunipa mkono alisema hukuteseka. Mama, nani hapa kwetu atamwambia mfiwa kwamba mama yake aliteseka? Nikawa na kisiwa kizima cha mashahidi na sikuwa na ushahidi.

Basi juzi ndipo kapu likatoka uvunguni.

Ukili, ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa unaosubiri kushonwa uwe mkeka, ulikuwa umezungushwa vizuri, mduara juu ya mduara, mwanzo wake ndani na mwisho nje. Nikaukunjua chumbani kwako kuanzia ndani. Nyekundu kwanza, yote ya kabla ya safari. Sijawahi kuona ukili wako umenyooka namna ile, mama. Kingo zimelingana, kila chane imelala mahali pake, mgumu, unang'aa. Kisha nikafika mahali ulipobadilisha rangi, na hapo ukili ukapotea njia. Kijani chako kimelegea. Kingo zinaingia na kutoka. Kuna mahali umeruka chane nzima ukaikumbuka baada ya shubiri, ukairudisha hivi hivi bila hata kuficha. Kuna mahali ukili umekuwa mpana, halafu mwembamba, halafu mpana tena.

Nilikaa chini. Nimezoea kusoma vitu vya aina hiyo, na nilikisoma pale pale. Kabla ya dawa mikono yako ilikuwa mizima. Baada ya dawa mikono haikukutii tena. Dripu haikukusaidia chochote, ilikumaliza, na ule mdomo wako uliosema umepata nafuu ulikuwa unanifariji mimi. Nililia kilio ambacho sikukilia makaburini. Nililia kwa sauti, nikiuma ukindu, sijui hata kwa nini niliuweka mdomoni. Mama mdogo Siti akaja na ufagio wake akanikuta nimezungukwa na ukili chumba kizima.

Nisikufiche, wazo lilinijia nikiwa bado nalia. Mama mdogo hakukuona mwaka mzima ule. Magoti hayakumruhusu kuvuka, na salamu zenu zilikuwa za simu kama zangu. Hakujua habari za rangi. Hakujua kijani kilinunuliwa lini, wala ukili ulisukwa lini. Na mmefundwa kusuka na bibi mmoja, kwenye baraza moja. Nikafuta uso. Nikafanya kama kazini.

"Mama mdogo," nikamwambia, "hebu nisomee huu ukili. Aliyekuwa anausuka alikuwa na hali gani?" Sikuongeza neno.

Akakaa, akanyoosha miguu, akauvuta mapajani. Hakuutazama sana. Aliupitisha kwenye vidole, akiangalia dirishani, nyekundu yote, polepole. Uso wake ukabadilika. "Masikini dada," akasema. "Hapa kaumwa."

Nikadhani sikumsikia vizuri. Nikamwambia mbona hapo ndipo palipokaa sawa.

"Ndiyo maana. Mama yako tangu lini akasuka sawa?" Akaninyooshea ukili. "Shika. Umekazwa huu. Mtu mwenye maumivu hukaza, hana pa kuyapeleka, huyapeleka mkononi. Mie nilipofiwa na mume wangu nilisuka ukili haupiti sindano. Nikaufumua wote." Kisha akashika kijani, na mama, wallahi akacheka. Akacheka peke yake, kichwa kinatikisika. "Huku sasa yumwenyewe. Huku alikuwa yuapiga domo. Tazama hapa, karuka chane, lazima palikuwa na mtu kibarazani kamletea habari nzito. Bibi yenu alikuwa akimfumulia mama yako kila siku Mungu aliyoileta, amwambia wewe Mwanaidi wasuka kwa mdomo."

Nikaenda kuchukua sindano ya kushonea mikeka. Sikuweza kujizuia, ndiyo kazi yangu. Nikaisukuma kwenye nyekundu mahali kumi mbalimbali, na mara zote ilibidi nitumie kiganja. Kwenye kijani iliingia kwa kidole.

Ndipo nikakumbuka mkeka niliolala juu yake mpaka nilipokwenda sekondari. Ulikuwa na mapindo mahali pawili, pale ukili wako ulipopotoka, na mimi nilikuwa nikiyapapasa kabla ya kulala. Uliniambia la kwanza lilitokea siku ulipoletewa habari ya posa ya mtu, na la pili ulikuwa unanihadithia mimi. Nilikuwa nayajua mapindo yako kabla sijajua kusoma. Nimekuja kuyasahau kwa kuwa nimejifunza kupenda kilichonyooka.

Mama mdogo hakuwa amemaliza. Alikuwa akiendelea na kijani, akitabasamu, na mara akaacha kutabasamu. Akarudi nyuma kidogo, akaenda mbele. "Huku mwisho yamerudi," akasema. Nikashika. Kweli. Ukili ulianza kukaza, kidogo kidogo, mpaka kwenye ncha pale ulipouacha, ambapo umekaza hata jani limekatika.

Tukapima, yeye kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa, ncha ya vidole hadi ncha ya vidole, kama mnavyopima. Kijani kilicholegea ni pima saba. Kilichokaza ni pima nne na kipande.

Pima saba, mama. Sijui ulikuwa unasuka pima moja kwa siku ngapi wakati ule, labda wiki nzima, labda zaidi. Ila najua kwamba ndani ya pima saba ulikaa kibarazani ukapiga domo, ukapokea habari za watu, ukacheka ukasahau chane. Ulikuwa umesema kweli kwenye simu, na mimi, mara moja uliposema kweli, ndipo nilipokukatalia. Nisamehe kwa hilo kuliko hata yale mashimo ya barabarani.

Nilipomweleza mama mdogo yote, habari za herufi za chupa na orodha ya kabatini na kwa nini sikumwambia kitu, hakuona la ajabu. Akasema, "Basi si ungeniuliza tu."

Mkubwa wangu wa kazi nikimpelekea hadithi hii atanisikiliza, kisha atasema ni mtu mmoja na ukili mmoja. Atauliza nitajuaje kama ni dawa, na si kule kufurahi kwamba mtoto kakuhangaikia, au zile dawa nyingine za maumivu, au siku zako tu zilikuwa njema. Atakuwa na haki. Sitaiandika kwenye daftari la kazi. Na sikuambii kwamba pima saba zimelipa yale uliyoyapata kwenye boti, maana sina mizani ya kuviweka hivyo viwili, kila kimoja na kisahani chake. Nakuambia tu kwamba haikuwa bure. Neno hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Mama mdogo alitaka tufumue kijani chote atusukie upya, akasema mkeka wenye ukili ule hautalala. Nimekataa. Ananifundisha kushona, vidole vyangu vimetoboka vyote, na ananicheka kwa namna yako ile ile, sijui uliichukua kwake au aliichukua kwako. Tunaunganisha nyekundu pembeni na kijani katikati. Ni kweli haulali. Unanyanyuka mahali pawili patatu, na mgeni atajikwaa. Ajikwae.

Jumamosi napanda boti. Jumatatu nitafungua mlango wa chumba kile kwa bismillahi na kuwapa salamu zako, nimechelewa lakini nitawapa, mmoja mmoja, wa dawa na wa maji ya chumvi, maana sijui nani ni nani. Na lile neno lako, mtaulizwa, silisahau. Nitakapoulizwa nitasema yote, na pima saba nitazitaja.

Kuna jingine nakuahidi. Mama mdogo Siti anasema hajambo. Anasema magoti ni uzee tu. Jana alishuka ngazi ya kibaraza kwa upande, ubavu kwanza, mkono ukutani, na mguu wa kushoto akauweka chini taratibu mno. Alidhani nipo jikoni. Simpigii simu za Ijumaa, mama, huyu. Jumamosi tunapanda boti wote wawili, nimeshamwambia, ameshakataa, nimeshamfungia nguo zake.

Mungu akulaze pema. Nilikuja makaburini leo asubuhi, nikakumwagia maji, nikasimama nawe kitambo. Utakuwa umeona kwamba nilikuamkia tu nikanyamaza. Sikukuuliza kama hujambo. Sitakuuliza tena.

Mwanao,
Mwanahawa